Mlango wa Pini 9 na Kompyuta Mpakato Zinazokataa Kustaafu

Mlango wa siriali ni tundu la kompyuta linalopitisha data biti moja baada ya nyingine, mfano wa watu wanaopita mmoja mmoja katika kichochoro chembamba. Kiwango kinachouongoza, RS-232, kilitolewa Marekani mwaka 1960, wakati ambapo haja kubwa ilikuwa kuunganisha teleprinta na modemu, yaani kifaa kinachogeuza data kuwa sauti inayoweza kusafiri kwenye waya wa simu. Kompyuta binafsi ya IBM ilipotoka mwaka 1981, kadi yake ya siriali ilikuwa na pini 25, na miaka mitatu baadaye modeli ya AT ikazipunguza hadi 9, umbo ambalo ndilo lililoenea duniani.

Urahisi wake ndio uliouvusha hadi viwandani na maabara, kwani nyaya tatu tu, wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi, zilitosha kuiunganisha kompyuta na mizani, mashine ya kukereza vyuma au kipimo cha maabara. Mitambo ya aina hiyo hununuliwa kwa matarajio ya kutumika miaka 20 au 30, ilhali kompyuta mpakato hubadilishwa baada ya miaka michache, na katika tofauti hiyo ya umri ndimo tatizo lilimozaliwa.

USB, tundu jipya lililokuja kuchukua nafasi ya milango kama huo wa siriali, ilitangazwa mwaka 1996, na mwaka 1998 Apple ikatoa iMac isiyo na matundu ya zamani. Kompyuta mpakato, zilizokuwa zikipunguzwa unene mwaka hadi mwaka, zilifuata njia hiyo taratibu: Dell Latitude D630 ya mwaka 2007 ilikuwa bado na pini zake 9, na Panasonic iliendelea kuuweka mlango huo katika Toughbook, kompyuta zilizoundwa kuhimili mishindo ya kazi za nje.

Yapo maoni kwamba waya wa kubadilisha USB kuwa siriali umelimaliza suala hili, na kwa programu za kisasa maoni hayo ni sahihi kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, programu nyingi zilizoandikwa kwa DOS, mfumo endeshi uliotangulia Windows, haziombi ruhusa ya mfumo, bali huandika moja kwa moja kwenye anwani ya mlango ndani ya mashine, ambayo kwa mlango wa kwanza ni 3F8 katika hesabu za kizio cha 16. Kibadilishio cha USB hakikai kwenye anwani hiyo, nacho hutuma data kwa mafungu yenye ucheleweshaji mdogo unaoweza kuivuruga programu inayohesabu muda kwa makini. Fundi anayetafuta kompyuta ya zamani, basi, hatafuti tundu peke yake, bali mpangilio mzima ulio nyuma yake.

Mfano mashuhuri uko Uingereza, nao hauhusu hata mlango wa kawaida. Magari ya McLaren F1, yaliyotengenezwa 106 tu katika miaka ya 1990, yalihudumiwa kwa kompyuta mpakato ya Compaq LTE 5280, kwa sababu kadi maalumu iliyounganisha programu ya DOS na gari ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta hiyo. Mwaka 2016 ilifahamika kwamba mafundi wa McLaren walikuwa bado wakizitegemea kompyuta hizo, huku wakitengeneza kiunganishi kipya kitakachokubali kompyuta za kisasa, maana zile Compaq zilikuwa zikizidi kuharibika na kuadimika. Kampuni ya Compaq yenyewe ilikuwa imekwisha kumezwa na Hewlett-Packard tangu mwaka 2002. Gari moja la aina hiyo liliuzwa mnadani California mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 20, ilhali kompyuta iliyoweza kuzungumza nalo ni ya aina ambayo ofisi nyingi zilikwisha kuitupa jalalani.