Picha ya kifua na makohozi: njia ya Kagera

Mtu wa Igurwa, Kagera, akikohoa wiki ya pili na ya tatu, ndugu humwambia aende hospitali ya Nyakahanga "akapige picha". Imani hiyo kwa picha ina historia ndefu, na nimeona niirudie njia yake.

Koch alimtambua bakteria wa kifua kikuu (TB) mwaka 1882. Röntgen akagundua miale inayopiga picha hiyo mwaka 1895. Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilipoanza kulaza wagonjwa wa TB mwaka 1926, ulimwengu ulikuwa umeshaanza kuiamini picha. Iinue kwenye mwanga: mifupa myeupe, mapafu meusi, na karibu na mtulinga pana wingu jeupe lenye tundu katikati. Nani angebisha?

Wapo waliobisha. Marekani, miaka ya 1940, madaktari walipewa picha zilezile wazisome upya, na baadhi yao wakapingana na majibu yao wenyewe. Kovu la TB iliyopona linaweza kufanana na ugonjwa mpya. Nimonia nayo hudanganya. Ndiyo maana Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa taifa mwaka 1977, Karel Styblo akiwa mshauri, makohozi ndiyo yaliyotangulizwa. Hadubini ni rahisi, na humwonyesha yule hasa anayeambukiza wengine. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza mfumo huo kwingineko. Kwangu huo ni uamuzi wa busara kuliko mashine nyingi za bei ghali.

Lakini Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na hapo njia ikapinda. UKIMWI ukishusha kinga sana, mara nyingi tundu halitokei. Picha huweza kuonekana karibu salama, na makohozi nayo yakakosa vimelea vya kuonekana. Mgonjwa anakonda, vipimo vyote viwili kimya.

Siku hizi picha imerudi, ila kama chekeche. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa uliitumia kuchuja watu, kwa kuwa wapo wenye TB wasiokohoa. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali kompyuta iisome kwa wenye miaka 15 na zaidi. Anayeshukiwa bado hutoa makohozi, yapimwe vinasaba.

Mtoto mdogo yuko nje ya hesabu hiyo: makohozi huyameza. Kwake daktari huangalia uzito, huuliza nani nyumbani anakohoa, kisha ndipo huinua picha.