Mchujo wa Olimpiki Muscat 2024: Mechi ya mshindi wa tatu iliyokuwa nzito kuliko fainali

Kwenye mashindano mengi, mechi ya mshindi wa tatu huwa ya kujazia muda. Mashabiki bado wanatafuta viti vyao, na wachezaji wenyewe wameshaanza kuwaza safari ya kurudi nyumbani.

Muscat, Oman, Januari 21, 2024 haikuwa hivyo. Siku hiyo zilipigwa mechi za mwisho za mashindano ya kufuzu Olimpiki kwa mpira wa magongo, au hoki, upande wa wanaume. Fainali ilikuwa Ujerumani dhidi ya Uingereza, na timu zote mbili zilishakata tiketi za Paris kabla hata ya kuingia uwanjani. Presha yote ilikuwa kwenye mechi ya mshindi wa tatu, New Zealand dhidi ya Pakistan. Tiketi iliyobaki ilikuwa moja, wanaoitaka wawili.

New Zealand ilishinda 3-2. Pakistan ikakosa Olimpiki kwa mara ya tatu mfululizo, safari hii kwa bao moja.

Nafasi 12 tu

Ili kuelewa uzito wa bao hilo, anza na hesabu. Olimpiki inachukua timu 12 tu za hoki ya wanaume. Kombe la Dunia la mchezo huo lina timu 16.

Kwa Paris 2024, nafasi ya kwanza ilikuwa ya mwenyeji, Ufaransa. Tano nyingine zilikwenda kwa mabingwa wa mabara: India kwa Asia, Uholanzi kwa Ulaya, Argentina kwa bara la Amerika, Australia kwa Oceania na Afrika Kusini kwa Afrika.

Zikabaki sita. Hizo ndizo zilizogombewa Januari 2024 kwenye mashindano mawili yaliyofanyika karibu kwa wakati mmoja, Muscat na Valencia, Hispania. Kila kituo kilikuwa na timu nane na tiketi tatu.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Makundi mawili ya timu nne nne, na mbili za juu katika kila kundi zinaingia nusu fainali. Ukishinda nusu fainali, umefuzu. Ukifungwa, unapewa nafasi moja ya mwisho kwenye mechi ya mshindi wa tatu. Ndiyo maana fainali ya mashindano kama haya inaweza kuchezwa kwa raha, huku mechi iliyoitangulia ikichezwa kama ya kufa na kupona.

Pakistan ilipaswa kuwa nyumbani

Kuna jambo ambalo lilizidisha machungu. Mashindano haya hayakupangwa Muscat. Kituo kilichotangazwa mwanzo kilikuwa Lahore, Pakistan. Baadaye Shirikisho la Kimataifa la Hoki, FIH, liliinyang'anya Pakistan uenyeji kutokana na mvutano wa uongozi wa mchezo huo ndani ya nchi hiyo, na mashindano yakahamia Oman.

Kwa hiyo timu ambayo ingecheza mbele ya watu wake ikajikuta ugenini. Haiwezekani kusema Lahore ingebadilisha matokeo, lakini mechi ikiisha kwa tofauti ya bao moja, swali hilo haliepukiki.

Wiki yenyewe ilianza vibaya. Pakistan ilichapwa 6-1 na Uingereza kwenye mechi ya kwanza. Ikajikusanya na kuifunga China 2-0, kisha ikatoka sare ya 3-3 na Malaysia. Pointi nne zikatosha kuipeleka nusu fainali. Huko ilikutana na Ujerumani, bingwa wa dunia wa 2023, ikafungwa 4-0. Ikabaki ile mechi ya New Zealand.

Hapa inabidi kukumbuka Pakistan ni nani kwenye hoki. Hii ni nchi yenye dhahabu tatu za Olimpiki: Roma 1960, Mexico 1968 na Los Angeles 1984. Imetwaa Kombe la Dunia mara nne, 1971, 1978, 1982 na 1994, na hadi kombe la 2023 hakuna nchi nyingine iliyofikisha idadi hiyo kwa wanaume. Mwaka 1956 hadi 1984, Olimpiki pekee ambayo haikurudi na medali ni ya Moscow 1980, ambayo haikushiriki kabisa kwa sababu ya mgomo wa kisiasa.

Mara yake ya mwisho kucheza Olimpiki ni London 2012. Mtoto aliyezaliwa Pakistan mwaka ule atakuwa na umri wa miaka 16 ifikapo Los Angeles 2028, na hajawahi kuiona timu yake ya taifa kwenye mashindano makubwa kuliko yote ya mchezo ambao babu yake anausimulia kama ngano.

Ireland na deni la Vancouver

Wakati Pakistan inalia Muscat, kule Valencia kulikuwa na mechi inayofanana nayo: Ireland dhidi ya Korea Kusini, tiketi ya mwisho. Ireland ilishinda 4-3 na kuungana na Ubelgiji na Hispania waliofuzu katika kituo hicho.

Kwa Ireland huo haukuwa ushindi wa kawaida, na sababu ni kilichotokea miaka minne nyuma.

Kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo, FIH ilitumia mfumo mwingine. Timu ziligawanywa mbili mbili, zikacheza mechi mbili ndani ya siku mbili kwenye uwanja wa mmoja wao, na mshindi wa jumla ya mabao akafuzu. Oktoba 2019 Ireland ilipangwa na Canada jijini Vancouver. Mechi ya kwanza Ireland ikashinda 5-3.

Mechi ya pili ilikwenda hadi muda ukaisha, na kwa jumla ya mabao Ireland ilikuwa bado mbele. Canada ikaomba marudio ya video. Mwamuzi wa video akaamua mshambuliaji wa Canada alichezewa faulo ndani ya duara la kufungia, likatolewa pigo la penalti, likaingia. Jumla ikawa 6-6.

Ikabidi waende kwenye matuta. Matuta ya hoki si kama ya soka. Mchezaji anaanzia mstari wa mita 23 kutoka golini, anakimbia na mpira kumkabili kipa, na ana sekunde 8 tu za kufunga. Anaruhusiwa kumchenga, kuzunguka, hata kupiga tena mpira ukirudi, mradi sekunde hazijaisha. Canada ilishinda 5-4 na kwenda Tokyo. Ireland, ambayo dakika chache kabla ilikuwa imeshafuzu, ikarudi nyumbani mikono mitupu.

Pakistan nayo ilikumbana na mfumo huohuo mwezi huohuo. Ilitoka sare ya kushangaza ya 4-4 na Uholanzi huko Amstelveen, kesho yake ikapigwa 6-1. Na kabla ya hapo, mwaka 2015 mjini Antwerp, ni Ireland hiyohiyo iliyoifunga Pakistan 1-0 na kuifungia njia ya Rio 2016. Hoki ya dunia ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Timu zilezile zinakutana na kuumizana kila baada ya miaka minne.

Canada yenyewe? Ilikuwepo Muscat 2024. Haikupata tiketi.

India ilishapita hapo

Wapo wanaoona kukosa Olimpiki ni mwisho wa nchi kwenye mchezo. Historia inasema vingine, na mfano mzuri ni jirani wa Pakistan.

India imechukua dhahabu nane za Olimpiki kwenye hoki, zaidi ya nchi yoyote. Kuanzia 1928 haikuwahi kukosa. Kisha ukaja mchujo wa Beijing 2008. Mfumo wa mwaka ule ulikuwa mkali zaidi: mashindano matatu ya timu sita sita, na kila moja lina tiketi moja tu. Mshindi wa pili hapati kitu. India ilipelekwa Santiago, Chile, ikafika fainali, na Machi 9, 2008 ikafungwa 2-0 na Uingereza. Miaka 80 ikakatika siku hiyo.

Mwaka 2012 India ilipitia mchujo tena, safari hii nyumbani New Delhi, ikaifunga Ufaransa 8-1 kwenye fainali. London ikamaliza ya mwisho kati ya timu 12. Lakini Tokyo ikapata shaba, na Paris 2024 ikapata shaba nyingine. Kutoka Santiago hadi medali ilichukua miaka 13.

Na kupita mchujo hakumaanishi wewe ni dhaifu. Ujerumani ililazimika kusaka tiketi ya Beijing 2008 kwenye mashindano ya kufuzu huko Kakamigahara, Japani, na miezi michache baadaye ikawa bingwa wa Olimpiki. Paris 2024 hali ilikaribia kujirudia. Ujerumani, iliyotokea Muscat, ilifika fainali na kufungwa na Uholanzi kwa matuta baada ya sare ya 1-1. Hispania, iliyotokea Valencia, ilimaliza ya nne. New Zealand, iliyochukua ile tiketi mbele ya Pakistan, haikuvuka hatua ya makundi.

Na huku kwetu je?

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani hadithi hii haimhusu. Inamhusu sana, kwa sababu kuna wakati tulikuwa ndani.

Kenya imecheza hoki ya wanaume kwenye Olimpiki mara saba: 1956, 1960, 1964, 1968, 1972, 1984 na 1988. Beki wake Avtar Singh Sohal alicheza nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, Kenya ilimaliza ya nne. Uganda nayo ilicheza Munich 1972.

Tanzania iliingia mara moja tu, Moscow 1980, na haikupitia mchujo. Mgomo wa kisiasa uliziondoa nchi nyingi, waandaaji wakatafuta timu za kuziba mapengo. Zilishiriki timu sita, Tanzania ikiwemo. India iliifunga 18-0. Yamebaki kuwa matokeo ya kuchekwa mitandaoni, lakini wale vijana ndio Watanzania pekee waliowahi kucheza hoki ya Olimpiki. Hilo nalo lisemwe.

Leo mlango wa Afrika ni mwembamba. Kwa Paris 2024, mashindano ya kufuzu ya bara yalifanyika Pretoria kuanzia mwishoni mwa Oktoba 2023, na bingwa peke yake ndiye aliyepata tiketi ya moja kwa moja. Afrika Kusini ikaichukua. Misri, iliyoshika nafasi ya pili, ikapewa mtihani mwingine Valencia, ikakwama. Wengine wote safari yao iliishia Pretoria.

Kuna na vituko. Kwa ajili ya Rio 2016 Afrika Kusini ilishinda mchujo wa Afrika, lakini kamati yake ya Olimpiki ikakataa kupeleka timu, ikisema ubingwa wa bara si kipimo cha kutosha. Nafasi ile haikurudi Afrika. Ilikwenda New Zealand.

Tatizo jingine ni uwanja. Tangu Montreal 1976 hoki ya Olimpiki inachezwa kwenye nyasi bandia, na mpira hukimbia tofauti kabisa na kwenye nyasi za kawaida au udongo. Timu isiyo na uwanja wa namna hiyo wa kufanyia mazoezi kila wiki inakwenda kwenye mchujo kujifunza, wakati wenzake wanakwenda kushindana. India na Pakistan zenyewe zilitikiswa na mabadiliko hayo, sembuse Kenya.

Mara ya mwisho Kenya kupita mlango huo wa Afrika ilikuwa kwa dhahabu ya Michezo ya Afrika ya 1987, iliyofanyika Nairobi. Ndiyo iliyoipeleka Seoul 1988.

Mwishoni mwa Januari 2024, siku chache tu baada ya Pakistan na New Zealand kumalizana, Kenya ilitua Muscat. Ilikwenda kwenye Kombe la Dunia la kwanza la hoki ya wachezaji watano kila upande, mchezo wa uwanja mdogo ambao haumo kwenye Olimpiki. Pakistan nayo ilikuwemo.