Kobe mgeni anapokataa kula

KOBE aliyehamishwa majuzi anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki nzima, bila kugusa chakula, na jambo hilo peke yake si ugonjwa. Hatari huanza pale mwenye nyumba anapoingiwa na hofu, akaanza kumbadilishia vyakula kila saa, kumpanua mdomo kwa kijiko au kumdunga sindano ya dawa iliyokusudiwa mbuzi.

Anayeishi karibu na Marikiti, soko la mboga la Barabara ya Digo ambalo enzi za ukoloni lilipewa jina la Mackinnon, hushawishika kudhani kwamba tiba iko mle sokoni. Atanunua mchicha, sukuma wiki, nyanya na tikiti, avitandaze mbele ya mnyama, kisha ashangae kumwona akirudisha kichwa ndani ya gamba. Mboga ni nzuri, lakini zamu yake haijafika.

Kobe, kama mjusi na nyoka, hauzalishi mwili wake joto la kutosha kuuendesha, hulichota juani. Mwili ukipoa, tumbo husinzia. Vijidudu vinavyomsaidia kusaga nyasi hulegea, na chakula kilichomezwa hukaa kikioza badala ya kusagika. Basi kobe aliyepoa anapokataa kula huwa anajilinda. Ndiyo maana kumlazimisha ni hatari zaidi kuliko kumwacha.

Kobe wa madoadoa, anayepatikana katika nyika nyingi za Afrika Mashariki, huhitaji mchana mahali penye nyuzijoto kati ya 28 na 32, pamoja na pembe ya kuota jua inayokaribia 35. Msomaji atasema Mombasa haina upungufu wa joto. Ni kweli, ila si ndani ya kila nyumba. Majumba ya Mji wa Kale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na kuta nene, nayo yakasogezwa karibu karibu ili vichochoro viwe na kivuli. Hekima hiyo ya kumpumzisha binadamu humwonea kobe. Sakafu ya saruji humnyonya joto kutoka chini, na mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, chumba cha chini chaweza kuwa baridi mno kwake mchana kutwa.

Kuna jambo la pili kuhusu jua. Miale yake huuwezesha mwili wa kobe kutengeneza vitamini D, ambayo bila hiyo madini ya kalsiamu hayaingii mifupani hata ukimlisha vyema namna gani. Gamba hulainika, taya hulegea, na kutafuna kukawa taabu. Kumweka nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii, maana kioo huzuia miale ile ile inayotakiwa. Mpeleke uani au juu ya paa tambarare asubuhi, kwa saa chache, penye ukuta usioruhusu aanguke. Lazima awe na kivuli cha kukimbilia. Kobe aliyefungiwa juani pasipo kivuli katika miezi ya kaskazi anaweza kufa kwa joto kabla ya adhuhuri.

Baada ya jua ni maji. Kobe wengi hufika wakiwa wamekauka, hasa waliosafirishwa ndani ya gunia au katoni. Mweke katika beseni lenye maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, kwa dakika 15 hadi 20, kila siku katika wiki ya kwanza. Mara nyingi atakunywa, kisha atajisaidia humo humo. Usichukizwe, hiyo ni dalili kwamba tumbo limeanza kazi.

Kisha mwachie faragha. Sanduku la mbao lililopinduliwa na kutobolewa mlango latosha kuwa maficho. Watoto wasimbebe, wasimgongegonge gamba, na paka asimzonge. Ninajua ugumu wa agizo hili katika nyumba yenye watoto watano, lakini halina mbadala.

Mombasa ina kisa maarufu cha mnyama mgeni na chakula, japo mgeni mwenyewe alikuwa kiboko. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mchanga aliyeitwa Owen aliokolewa kwenye pwani ya Malindi na kuletwa Haller Park, Bamburi, katika machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji. Alijibanza nyuma ya Mzee, kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Watunzaji walisimulia kwamba Owen alizoea kula akiwa kando ya Mzee. Picha zao zilizunguka dunia kama hadithi ya urafiki. Mimi huziona pia kama funzo la ufugaji: mnyama hula anapojihisi salama.

Sasa twende sokoni. Asilimia kubwa ya chakula cha kobe wa madoadoa ni nyasi na magugu, kwa hivyo ukoka uliong'olewa mahali pasipopuliziwa dawa wapita mboga zote. Mchunga, ule mchungu wanaoupenda wapishi wa Pwani, ni bora sana. Majani ya mlonge na mpungate uliotolewa miiba yana kalsiamu nyingi. Sukuma wiki apewe kwa kuchanganya. Mchicha na spinachi visiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa asidi iliyomo huizuia kalsiamu isitumike. Kisamvu kibichi kina sumu. Kiache kabisa, na parachichi pia. Mkate, wali, maziwa na chakula cha mbwa havimfai, hata kama jirani anaapa kwamba kobe wake alivila miaka mingi.

Kobe huvutiwa na rangi nyekundu na ya manjano, hivyo ua la haibiskasi au kipande kidogo cha papai juu ya nyasi huweza kumfungua mdomo. Papai libaki kuwa kivutio. Matunda mengi humharisha. Mpe asubuhi, akishapata joto, kisha uondoke.

Mpime kwa mizani ya jikoni siku anapofika, na kila wiki baadaye, uandike. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzani wake, akitoa mapovu puani, akipumua kwa mdomo wazi, macho yakivimba au gamba likibonyea, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja. Aliyeanguliwa karibuni asisubiriwe hata wiki mbili. Mwambie daktari waziwazi asitumie ivermektini. Dawa hiyo ya minyoo, inayotumiwa sana kwa ng'ombe na mbuzi, huweza kumpooza kobe na kumuua.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, na beseni lake lisioshwe jikoni. Kobe mwenye afya tele aweza kubeba bakteria wa salmonela. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo ambao gamba halijafika inchi nne, baada ya watoto wengi kuugua.

Limebaki swali ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya kobe kuingia nyumbani: ametoka wapi? Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, haruhusiwi mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kobe bapa wa miambani, anayeishi Kenya na Tanzania, amewekwa tangu 2019 katika orodha ya kimataifa inayozuia kabisa biashara ya wanyama waliotolewa porini. Aliyeokota kobe barabarani au kuuziwa kwa siri asimwachilie kwenye kichaka cha karibu, kwani aweza kupeleka maradhi kwa kobe wa huko, au afe kwa kukosa malisho aliyoyazoea. Ampeleke afisi ya KWS akiwa ndani ya sanduku lenye matundu, pamoja na maelezo ya mahali alipopatikana. Bila maelezo hayo ni vigumu kumrudisha kwao.