Mfano wa kitufe ukiwa na kasoro, tovuti nyingi huirithi

MWONGOZO wa programu ya tarakilishi unapomfunza mtaalamu kuunda kitufe au fomu, mfano ndio hutazamwa kwanza. Maelezo husomwa baadaye, na pengine yasisomwe kabisa. Mwenye haraka hunakili msimbo wa mfano, akabadilisha maneno mawili matatu na kuendelea na kazi.

Kwa njia hiyo, kasoro ya mfano mmoja huweza kuhamia katika tovuti nyingi. Kisanduku cha kujazia kikikosa jina ndani ya msimbo, mtu asiyeona anayetegemea programu ya kusoma skrini kwa sauti hatajua anaulizwa nini.

Vitufe, menyu, visanduku na jumbe za makosa ni vipengele vya kiolesura, yaani upande wa programu ambao mtumiaji huuona na kuugusa. Mwaka wa 2011, Mark Otto na Jacob Thornton, waliokuwa wafanyakazi wa kampuni ya Twitter nchini Marekani, walitoa Bootstrap, mkusanyiko wa vipengele vya aina hiyo unaotumiwa bila malipo. Katika mwongozo wake, kipengele huonekana jinsi kilivyo, na msimbo wake huwekwa chini yake. Miongozo mingi siku hizi hufuata utaratibu huo.

Jambo moja kwa wakati

Hata hivyo, kuonyesha si kueleza. Mfano wa kitufe uliozungukwa na picha, menyu na mapambo humlazimu msomaji kutenga mchele na pumba. Mfano bora hubeba jambo moja tu. Matumizi ya kawaida hutangulia, yale ya nadra yakafuata.

Pia hali zote za kipengele zafaa kuonekana. Kisanduku huwa tupu, hujazwa, na mara nyingine hujazwa visivyo. Mwongozo ukionyesha kile kilichojazwa sawasawa pekee, mtaalamu hulazimika kubuni mwenyewe ujumbe wa kosa, na mara nyingi huishia kuandika “Kosa limetokea”. Mfano wenye maneno halisi, kama vile “Andika jina lako kamili”, humfunza kwamba ujumbe humwelekeza mtu la kufanya.

Serikali ya Uingereza ilizindua mwongozo wa usanifu wa GOV.UK mwaka wa 2018. Humo, msomaji huona mfano unaofanya kazi na msimbo wake, kisha huelezwa kipengele kitumike lini na kisitumike lini.

Maelezo hayo ya mwisho yana uzito. Vitufe vya duara hutumika pale jibu linapokuwa moja tu. Visanduku vya kutia alama hutumika pale majibu yanapoweza kuwa zaidi ya moja. Vikiwekwa sambamba bila neno lolote, msomaji atadhani vinatofautiana kwa umbo tu.

Wasiotumia kipanya

Si wote wanaotumia kipanya. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya mtandao, limeandaa mwongozo wa vipengele ambamo mifano huambatana na orodha ya vibonye vya kibodi na kazi ya kila kimoja. Viwango vyake vya mwaka wa 2008, katika daraja la AA, vinataka tofauti ya uangavu kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1. Mfano wenye maandishi ya kijivu hafifu huwafunza wengi kukiuka kiwango hicho.

Picha tupu nayo haitoshi. Haibonyezwi, na msimbo ukibadilika hubaki ikionyesha mambo ya jana. Heri mfano hai unaotokana na msimbo ule ule anaopewa msomaji.

Njia rahisi ya kuupima mfano ni kumpa mtu ambaye hajawahi kuuona, kisha kumtazama akiutumia bila kumsaidia. Anapokwama, hapo ndipo pa kurekebishwa kabla wengine hawajaunakili. Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi.