Jino linalotingishika: historia ya ugonjwa uliofundisha dunia namna jeni zinavyozimwa na kuwashwa

Bandugu wa chama, leo siongelei mihogo wala mbolea. Naongelea mdomo wa mtoto.

Hapa Dilolo, shavu la mtoto likivimba na jino likaanza kutingishika, neno la kwanza nyumbani ni: «Ni jino tu, tumupeleke kwa mwenye kung'oa.» Mara nyingi ni kweli. Lakini mara mojamoja ile si jino. Ni saratani ya taya, na historia yake ni ya Afrika yetu kabisa.

Kampala, mwaka 1957. Denis Burkitt, munganga wa upasuaji kutoka Ireland, anatumika kwenye hospitali ya Mulago. Mwenzake Hugh Trowell anamwita aangalie mtoto wa miaka 5: taya ya juu na ya chini, kulia na kushoto, zote zimevimba. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt anaona kwa dirisha mtoto mwingine mwenye uso uleule. Akajiuliza: jino bovu linavimbisha upande mmoja, sasa hii ya pande zote 4 inatoka wapi? Akafungua madaftari ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha andiko lake la kwanza.

Lakini ugonjwa haukuanza naye. Albert Cook, aliyefungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa tayari amechora taya kama hizo kwenye madaftari yake. Na bamama walikuwa wakizijua kabla ya Cook. Jina la munganga njo lilibaki kwenye ugonjwa. Majina ya watoto yalibaki kwenye madaftari.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda motokari ya zamani, wakasafiri wiki 10, kilometa kama 16,000, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika. Kila hospitali waliuliza swali moja: mumeona watoto wa namna hii? Majibu yakachora ramani. Ugonjwa ulionekana penye joto na mvua ya kutosha. Penye baridi, penye ukavu au juu sana milimani, ulikuwa haba. Sisi watu wa kilimo tunaijua ramani ya namna hii: tunaitumia kujua mbegu gani inafaa wapi. Na ilifanana sana na ramani ya malaria.

Mwaka huohuo, mwezi wa 3, Burkitt alitoa somo London. Mtafiti mmoja, Anthony Epstein, alikuwa amekaa pale akisikiliza. Akaanza kupokea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Karibu miaka 3 hakuna kitu. Disemba 1963 ukungu ukazuia ndege kutua London, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika kwa kuchelewa, maji yake yalikuwa na ukungu vilevile: chembe za uvimbe zilikuwa zinaelea ndani, zikiwa hai. Kutoka kwa zile chembe, yeye na Bert Achong na Yvonne Barr wakaona virusi. Andiko lao lilitoka mwezi wa 3 mwaka 1964. Ilikuwa mara ya kwanza kupata virusi vinavyohusika na saratani ya binadamu.

Sasa, virusi hivyo karibu kila mtu anavyo, watoto wetu wengi wanavipata wakiwa wadogo sana. Mbona basi siyo kila mtoto anaugua? Jibu liko kwenye jeni.

Fikiria mhindi. Jani na mzizi vina jeni zilezile, lakini kila sehemu inasoma kurasa zake na kufunga zingine. Kufunga mara nyingi kunafanywa na alama ndogo ya kikemia, methili: kaboni 1 na hidrojeni 3, inayobandikwa juu ya jeni na kuinyamazisha bila kubadilisha herufi zake.

Kwenye saratani hii mambo mawili yanaenda pamoja. La kwanza: malaria inayorudirudi inachosha chembe nyeupe za damu, zinazaliana haraka na kukosea. Kipande cha kromosomu ya 8 kinahamia kwenye ya 14. Watafiti wa Stockholm walilieleza lile hamisho mwaka 1976, na mwaka 1982 ikajulikana kwamba jeni inayoitwa MYC imeangukia karibu na swichi isiyozimwa. Chembe inazaliana bila breki. La pili: ndani ya chembe ileile, jeni nyingi za virusi zimefungwa kwa methili. Zimenyamaza, kwa hiyo walinzi wa mwili hawavioni. Mwaka 1989, kulekule Stockholm, Maria Masucci na wenzake waliweka dawa inayoondoa methili, na protini zilizojificha zikajitokeza.

Virusi hivyohivyo vinahusika pia na saratani ya nyuma ya pua, ambayo Kenya inaijua sana. Huko methili inafunga hata jeni za mwili zenye kazi ya kuzuia uvimbe.

Njo vile, bandugu. Vipande vilivyotoka kwenye taya za watoto wa Uganda na Kenya vilifundisha dunia. Na watoto walipata nini? Tangu miaka ya 1960 Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukiyeyuka kwa dawa, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa mwaka 1967. Leo kwenye nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wanapona. Kwetu ni wachache zaidi, na sababu si jeni. Sababu ni kuchelewa, pesa na njia: kutoka Dilolo mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilometa 400 za reli, na uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2.

Kwa hiyo wewe mwenye lisansi, hata kama ni ya kilimo kama yangu: ukiona mtoto shavu limevimba, meno yanatingishika bila kuoza, usiseme «ni jino tu». Sema: hospitali, leo. Historia hii imeshalipwa na watoto wa wengine.