Ushahidi: Kutoka Ramani hadi Kisanduku cha Intaneti

Ushahidi ni programu huria ya kompyuta inayokusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Ilianza nchini Kenya Januari 2008, kwa mikono ya watu waliokuwa na shughuli nyingine za kuwapatia riziki. Inafahamika zaidi kama chombo cha kufuatilia majanga na chaguzi. Historia yake, hata hivyo, inaeleza pia jinsi mradi mdogo unavyoweza kuwageuza waandishi wa programu kuwa waundaji wa vifaa: kila walichokitengeneza kilifichua pengo jipya, nao wakajitwika jukumu la kuliziba.

Chimbuko

Matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa Desemba 30, 2007, ghasia zilitapakaa sehemu nyingi za Kenya, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha kabla ya mapatano ya Februari 28, 2008. Katikati ya giza hilo la habari, mwanasheria Ory Okolloh aliwaomba wataalamu wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha mauaji na uharibifu ulikotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioitikia. Kobia, aliyekuwa akiishi Alabama, Marekani, aliandika msimbo, na baada ya siku chache tu ramani ikaanza kutumika.

Namna inavyofanya kazi

Aliyeshuhudia tukio hutuma ujumbe mfupi wa simu au hujaza fomu mtandaoni, akieleza kilichotokea na mahali. Mtu wa kujitolea huusoma, huutafuta mtaa au kijiji kilichotajwa, huilinganisha habari na vyanzo vingine, kisha huiidhinisha. Hapo ndipo nukta hutokea kwenye ramani, na yeyote akiibonyeza husoma maelezo yake. Mzigo mkubwa humwangukia huyo wa kujitolea. Ujumbe unaosema tu “karibu na stendi” haumsaidii, maana stendi ni nyingi, na nukta ikiwekwa pasipo pake huweza kuwapeleka waokoaji kusiko.

Kwa kuwa msimbo uliachwa wazi, wengine waliuchukua na kuutumia kwa mahitaji yao. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 12, 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliendesha ramani ya aina hiyo. Manusura walituma ujumbe kwa namba 4636, na Wahaiti waliokuwa ughaibuni wakautafsiri kutoka Krioli ili waokoaji wauelewe.

Kutoka msimbo hadi ukumbi

Waasisi walikuwa wameshirikiana wakiwa wametawanyika, huku Nairobi ikiwa na vijana wengi wenye ujuzi lakini wasio na mahali pa kukutana. Mwaka 2010 ilifunguliwa iHub kando ya Barabara ya Ngong: ukumbi wenye intaneti ya kasi, ambako mwanafunzi aliweza kuketi meza moja na mhandisi mzoefu na kumwonyesha kazi yake.

Kutoka ukumbi hadi kifaa

Pengo lililofuata halikuzibika kwa msimbo. Umeme ukikatika, kipanga njia cha intaneti huzima, na programu iliyo bora kabisa haina kazi. Kikosi cha Ushahidi kikabuni BRCK, kisanduku cheusi chenye ukubwa unaokaribia tofali. Intaneti ya waya ikipotea, kifaa huhamia chenyewe kwenye laini ya simu. Umeme ukienda, betri hukiendesha kwa takriban saa 8. Mwaka 2013 walichangisha fedha kwa umma kupitia Kickstarter na kupata zaidi ya dola 172,000. Mwaka 2015 ikafuata Kio Kit, sanduku la shule lenye tabuleti 40 zinazochajiwa humo humo.

Kuunda vifaa nako kulidai zana ambazo fundi mmoja hawezi kuzinunua. Hitaji hilo lilisaidia kuzaa Gearbox, karakana ya pamoja jijini Nairobi, ambako mbunifu hutumia mashine za kukata na kuchapa vielelezo bila kuzimiliki.

Kilichoufanya mradi ukue

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, mradi ulijibu shida iliyokuwa mbele ya macho, kwa hiyo watumiaji walikuwepo tangu siku ya kwanza. Pili, toleo la awali lilikuwa dogo kiasi cha kumalizika haraka, na matumizi yenyewe yakaonyesha cha kurekebisha. Tatu, kazi iliachwa wazi kwa wengine, nao wakaifikisha mbali kuliko waasisi wangeweza peke yao. Ni mambo yanayompasa kuyazingatia kila kijana wa Afrika Mashariki anayeandika programu usiku baada ya kazi. Akiikamilisha, akawapa watu waitumie na kusikiliza inapowashinda, atajua cha kutengeneza baadaye.