Buddy Young: Mfupi wa futi 5 na inchi 4 aliyewatoroka majitu wa NFL

Kwenye futiboli ya Marekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, mtu hupimwa mwili kwanza. Claude "Buddy" Young alikuwa na futi 5 na inchi 4 tu, kama sentimita 163. Na nafasi yake ilikuwa hafubeki, yule anayekabidhiwa mpira na kutakiwa apenye katikati ya mijitu inayotaka kumlaza chini.

Alizaliwa Chicago, Januari 1926. Silaha yake ilikuwa mbio. Mwaka 1944, akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, alitwaa ubingwa wa vyuo wa yadi 100 na 220. Msimu huohuo wa futiboli alifikisha mpira mwisho wa uwanja mara 13, akaifikia rekodi ya Red Grange, gwiji wa chuo hicho. Vita vikampeleka jeshi la majini. Akarudi, na Januari 1, 1947 Illinois wakaichapa UCLA 45-14 kwenye Rose Bowl, yeye akifunga mara mbili.

Ufupi wenyewe ulimsaidia. Akijificha nyuma ya wenzake wakubwa, mabeki hawamwoni mpaka ameshachomoka, na akishachomoka nani wa kumkamata?

Kusema kweli, kikwazo kikubwa hakikuwa kimo. Kilikuwa rangi. Kuanzia 1934 hadi 1945 NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Young akaanzia 1947 kwenye ligi pinzani, AAFC, na New York Yankees (ya futiboli, si ya besiboli). Ligi hiyo ikafa mwishoni mwa 1949, akahamia NFL na New York Yanks. Hiyo nayo ikafa. 1952 akawa Dallas Texans, kwenye mji uliokuwa bado na ubaguzi wa wazi, na wamiliki wakairudisha timu mikononi mwa ligi kabla msimu haujaisha. Hapo mwingine angetundika daluga.

Yeye akaenda Baltimore Colts, timu mpya ya 1953, na huko ndiko alikopendwa hasa. Alipostaafu 1955, klabu ikaifungia jezi yake namba 22. Colts siku hizi wako Indianapolis, na namba hiyo bado haivaliwi.

Mwaka 1964 NFL ilimwajiri ofisi kuu, mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa uongozi hapo. Ndipo ligi iliyowahi kuwafungia mlango watu wa rangi yake ikawa inamtuma kuiwakilisha.

Safari ya mwisho ilikuwa Septemba 1983. Joe Delaney, mkimbiaji wa Kansas City Chiefs, alikuwa amezama Juni mwaka huo huko Louisiana akijaribu kuokoa watoto, ilhali hakujua kuogelea. Young alikwenda kwenye kumbukumbu yake kwa niaba ya NFL. Wakati wa kurudi, gari lake likapata ajali Texas. Alifariki akiwa na miaka 57.